Ini likichoka, mgonjwa asinyimwe chakula

BUJUMBURA – Mtu akirudi nyumbani Ngagara na karatasi ya daktari inayosema ini lake limeharibika, kitu cha kwanza kubadilika huwa ni sahani yake. Jirani anasema asile mayai. Shangazi anasema aache maharage, yanajaza tumbo. Mwingine anakataza samaki, mwingine mafuta, na mwenzake wa sokoni anamletea chupa ya mizizi iliyochemshwa. Baada ya wiki chache mgonjwa anabaki na uji mweupe, ugali wa muhogo na ndizi iliyochemshwa bila mboga ya maana.

Kila mmoja wao ametaka kusaidia, lakini miiko hiyo ikijumlishwa inakuwa njaa. Mgonjwa ambaye ini lake limefika hatua za mwisho anahitaji chakula cha kutosha kila siku kuliko wakati mwingine wowote maishani mwake. Mwongozo wa lishe uliotolewa mwaka 2019 na chama cha madaktari wa ini wa Ulaya, EASL, unasema mgonjwa wa aina hii asipunguziwe protini, asikae na tumbo tupu kwa saa nyingi, na ale kitu kabla ya kulala. Yaani kinyume kabisa cha ushauri wa mtaani.

Kwa wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi mpaka wa Gatumba au gari la Kobero, jambo hili haliishii hospitalini. Chakula kinachomfaa mgonjwa wa ini ndicho hicho kinachobebwa kila siku kuvuka mipaka yetu: maharage, dagaa, mahindi, karanga. Na namna mchuuzi anavyoishi siku yake, kutoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni hadi saa nane mchana, ndiyo inayomdhoofisha zaidi mtu mwenye ini bovu.

Mtaa wa soko, mtaa wa hospitali

Ngagara, ambayo wazee bado wanaiita Ocaf kwa jina la ofisi ya kikoloni iliyoijenga, iko kaskazini mwa jiji, katika komini ya Ntahangwa. Soko la Ngagara II, maarufu kama Cotebu kwa jina la kiwanda cha nguo, limekuwa kubwa zaidi tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013 na wachuuzi kutawanyika kutafuta mahali pengine. Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Kamenge, iko Hospitali ya Chuo Kikuu ambayo watu wanaijua zaidi kwa jina la Roi Khaled. Kwa hiyo mgonjwa wa Ngagara ana soko upande mmoja na daktari upande mwingine. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya kuunganisha viwili hivyo: akitoka kwa daktari, anunue nini sokoni?

Sababu za ini kuharibika katika eneo letu zinajulikana. Ya kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi vya B mwaka 2022, na milioni 50 na virusi vya C. Maambukizi mapya ya B yalikuwa mengi zaidi barani Afrika: asilimia 63 ya yote duniani. Ya pili ni pombe, iwe bia ya chupa, urwagwa wa ndizi au gongo ya kificho. Ya tatu ni kichocho cha tumbo, ugonjwa wa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi, ambao huziba mishipa ya damu ndani ya ini. Ya nne ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ambayo tutairudia kwa sababu inawahusu wafanyabiashara moja kwa moja.

Kwa miaka mingi ini huumia kimya. Makovu yanachukua nafasi ya nyama yake, linasinyaa na kuwa gumu, na madaktari huita hali hiyo sirosisi. Baadaye dalili zinajitokeza: macho ya manjano, miguu kuvimba, tumbo kujaa maji, kutapika damu, kuchanganyikiwa. Upandikizaji wa ini haufanywi Burundi, na gharama ya kuufuata ng’ambo ni ndoto kwa familia nyingi. Hapo ndipo lishe inapokuwa tiba ambayo familia yenyewe inaweza kuishika mkononi.

Usiku mmoja, njaa ya siku tatu

Ili kuelewa kwa nini chakula kina uzito huo, lifikirie ini kama ghala. Mtu akila, sehemu ya sukari ya chakula huwekwa akiba ndani ya ini. Akilala, ini hufungua ghala polepole na kuulisha ubongo na moyo mpaka asubuhi. Mtu mwenye afya anaweza kulala saa nane, akaamka na akiba bado ipo.

Ini lenye makovu lina ghala dogo, na akiba huisha katikati ya usiku. Mwili, ambao haukubali kuzimika, unaanza kuvunja misuli na mafuta ili upate nguvu. Uchunguzi uliofanywa tangu miaka ya 1980 umeonyesha kuwa usiku mmoja wa kutokula, kwa mgonjwa wa sirosisi, unalingana na siku mbili hadi tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya. Usiku baada ya usiku, misuli ya mapaja, mabega na mikono inaliwa na mwili wenyewe.

Hasara hiyo haiishii kwenye sura. Misuli humsaidia mgonjwa kuondoa amonia, taka yenye sumu ambayo ini bovu haliwezi kuisafisha lote. Misuli ikipungua, amonia hupanda hadi kwenye ubongo, na mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku, kusahau, kutetemeka mikono na kuongea mambo yasiyoeleweka. Aliyepoteza misuli hupata maambukizi kwa urahisi zaidi na hufa mapema kuliko mwenzake mwenye ini bovu kiasi hicho hicho lakini anayekula vizuri.

Mizani inayodanganya

Familia nyingi hazioni hatari kwa sababu mizani inadanganya. Mfanyabiashara wa mahindi anaijua hila hii: gunia la mahindi mabichi huwa zito, lakini ukiyaanika wiki moja unagundua ulilipia maji. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa mwenye maji tumboni. Kilo zake zinaweza kubaki zile zile, hata kuongezeka, huku misuli ikiyeyuka chini ya ngozi.

Kwa hiyo mtazame mikono, usitazame tumbo. Je, mkono wa juu umekuwa mwembamba? Mifupa ya mabega na pande za paji la uso zimeanza kujitokeza? Anaweza kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono? Bado anafungua kifuniko cha chupa mwenyewe? Maswali hayo yanasema kweli kuliko mizani, na majibu yake yafaa kupelekwa kwa daktari.

Maharage hayana kosa

Imani kwamba mgonjwa wa ini asile protini haikuzuliwa Ngagara. Kwa miongo kadhaa hata madaktari waliamini hivyo. Kwa kuwa amonia hutokana na protini, walisema, basi mgonjwa aliyechanganyikiwa anyimwe nyama, mayai na maharage. Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona, Hispania, walichapisha utafiti uliolinganisha makundi mawili ya wagonjwa waliokuwa wamechanganyikiwa kwa sababu ya ini: kundi moja lilipunguziwa protini, jingine likala kiasi cha kawaida. Walionyimwa hawakupona haraka zaidi. Miili yao ndiyo iliyobomoka zaidi.

Leo miongozo inataka mgonjwa wa sirosisi apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na nguvu ya chakula isiyopungua kalori 35 kwa kila kilo ikiwa si mnene. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni gramu 72 hadi 90 za protini na kalori 2,100 kwa siku. Mwenye maji tumboni hukadiriwa na daktari uzito wake bila maji, kisha hesabu hufanywa kwa uzito huo.

Namba hizo zinaogopesha mpaka zitafsiriwe kwa bidhaa za sokoni. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Glasi ya maziwa ina gramu 8. Konzi moja ya dagaa wakavu, wale ambao Bujumbura wanaitwa ndagala, ina gramu 15 au zaidi. Mayai mawili, vikombe viwili vya maharage, glasi mbili za maziwa na konzi ya dagaa ni zaidi ya gramu 70, kabla hata ya kuhesabu ugali. Hakuna kitu hapo kinachotoka duka la vyakula vya kigeni.

Lipo jambo jingine linalompa nafuu mwenye kipato kidogo: protini ya maharage, soya na maziwa huvumiliwa vizuri na mgonjwa anayechanganyikiwa, wakati mwingine kuliko ya nyama nyekundu. Nyuzinyuzi za maharage na za lenga-lenga, mboga ambayo Watanzania wanaiita mchicha, humsaidia kupata choo kila siku. Choo kikikaa, amonia huongezeka, ndiyo maana madaktari hutoa dawa ya kulainisha choo na kutaka mgonjwa aende haja mara mbili au tatu kwa siku. Dawa hiyo isiachwe kwa sababu tu inamfanya akimbilie chooni.

Ikiwa maharage yanamjaza gesi, yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yapikwe hadi yalainike kabisa, na apewe kidogo kidogo mara nyingi. Tumbo lenye maji halina nafasi ya sahani iliyojaa. Sahani ndogo sita hupita mahali ambapo sahani kubwa mbili hukwama.

Ugali wa muhogo peke yake ni nguvu bila protini. Haukatazwi, lakini usiwe mfalme wa meza. Sombe, au kisamvu kwa watu wa Kigoma, ikitiwa dagaa waliosagwa inakuwa chakula kingine kabisa. Mafuta nayo hayana sababu ya kukatazwa kwa wagonjwa wengi: kijiko cha mafuta ya mawese ya Rumonge au nusu ya parachichi huongeza nguvu bila kujaza tumbo.

Chumvi, adui aliyefichwa

Kama kuna kitu kimoja cha kupunguzwa kwa mgonjwa mwenye maji tumboni au miguu iliyovimba, ni chumvi. Ini bovu huufanya mwili kushikilia chumvi, na chumvi huvuta maji. Kiasi kinachopendekezwa ni kama gramu 5 kwa siku nzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo ndani ya vyakula.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani chumvi nyingi haitoki kwenye kikopo cha jikoni. Iko kwenye samaki wa chumvi ambao Wakongo wanawaita makayabo, vidonge vya kiungo cha mchuzi, mkate wa dukani, soseji, samaki wa kopo na mishikaki ya barabarani iliyopakwa chumvi mara mbili. Kidonge kimoja cha mchuzi kwenye sufuria kinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi cha siku. Dagaa wa kuanikwa juani bila chumvi wanafaa. Waliotiwa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe, au waachwe. Muuzaji anayejua mzigo wake amweleze mteja ukweli: wana chumvi au hawana?

Ladha inaweza kurudishwa kwa ndimu, tangawizi, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na pilipili. Mpishi apike chungu kimoja bila chumvi, amtolee mgonjwa, kisha wengine watie yao mezani. Lakini kuna mpaka wa pili: chakula kisicho na chumvi kabisa kikimfanya mgonjwa asile, amepata hasara kubwa kuliko faida. Ni heri chumvi kidogo na sahani iliyoisha. Pia chumvi mbadala, zinazouzwa kama chumvi za afya, nyingi zina potasiamu, na zikikutana na baadhi ya dawa za kukojosha zinaweza kuuvuruga moyo. Zisinunuliwe bila daktari kuambiwa.

Maji ya kunywa hayahitaji kupunguzwa kwa kila mgonjwa. Daktari ndiye anayeamua, kwa kipimo cha damu.

Siku ya mtu anayefanya kazi

Si kila mwenye sirosisi yuko kitandani. Wengi wanaendelea kuuza nguo, kusafirisha nyanya au kusimamia mizigo, na mwendo wa mpakani hauna saa ya chakula. Foleni ya forodha ikichelewa, mlo unaahirishwa. Kwa mtu huyu, saa nne bila kula mchana ni nyingi.

Siku yake inaweza kupangwa hivi. Akiamka, kabla ya kutoka, uji wa mahindi na soya wenye maziwa, pamoja na yai. Saa nne asubuhi, ndizi mbivu na konzi ndogo ya karanga safi. Saa saba mchana, maharage, wali au ugali, na mboga. Saa kumi alasiri, viazi vitamu vilivyochemshwa na glasi ya maziwa. Saa moja usiku, dagaa au mukeke, samaki ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, kwa ndizi au ugali. Kisha, wakati wa kwenda kulala, mlo wa sita.

Mlo huo wa sita ndio unaosahaulika, na ndio wenye ushahidi mzuri. Mwaka 2008 watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatwa kwa miezi 12. Waliopewa nyongeza ya kalori 710 usiku, baada ya saa tatu, walijenga protini ya mwili inayolingana na kilo mbili za misuli. Waliopewa nyongeza ile ile mchana hawakupata faida hiyo. Kilichotofautisha makundi hayo ni saa ya kula. Nyongeza ya Auckland ilikuwa ya kiwandani, lakini kanuni yake inafuatwa na bakuli la uji mzito wenye maziwa, au kiporo cha wali na maharage.

Mfuko wa safari basi usikose vitu vitatu: mayai ya kuchemsha, ndizi, na chupa ya uji. Vinavumilia foleni, na vinagharimu pungufu kuliko mishikaki ya kituo cha basi.

Kuhusu kufunga, iwe Ramadhani kwa Waislamu wa Buyenzi na kwingineko au mifungo ya makanisa, mgonjwa ambaye ini lake limefika hatua ya maji tumboni au kuchanganyikiwa hapaswi kufunga kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dini zenyewe zimempa mgonjwa ruhusa. Kaka au dada anayemshurutisha hamsaidii.

Gunia lenye ukungu

Sasa turudi kwa muuzaji. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mihogo mikavu iliyohifadhiwa na unyevu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini B, hatari hizo mbili hazijumlishwi tu, zinazidishana.

Afrika Mashariki imeshazika watu kwa ajili yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu. Mwaka 2016 mkasa kama huo uliwakumba wakazi wa Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Na Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, malori yakalala mpakani, kisha biashara ikafunguliwa kwa masharti ya vyeti.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mchuuzi mdogo anayetumia utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 anasamehewa ushuru kwa bidhaa za Jumuiya. Hasamehewi masharti ya usalama wa chakula.

Kipimo cha ghalani hakihitaji maabara. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudishwe juani. Kipimo hicho huonyesha unyevu, si sumu yenyewe, lakini unyevu ndio mlango wa ukungu. Magunia yawekwe juu ya mbao, si sakafuni. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye rangi ya kijani au nyeusi zichambuliwe na zitupwe. Zisipewe ng’ombe wala kuku, kwa kuwa sumu hurudi kwa mlango wa maziwa. Moto wa jikoni hauiondoi: karanga zilizooza zikikaangwa zinabaki na sumu.

Kwa familia ya mgonjwa, maana yake ni kwamba karanga zinunuliwe nzima, zichambuliwe nyumbani, ndipo zisagwe. Unga wa karanga wa bei ya kutupa hauonyeshi ulitokana na nini.

Vya kuachwa kabisa

Pombe haina kiasi salama kwa mtu mwenye sirosisi. Hata aliyeumia kwa virusi, si kwa pombe, anaongeza moto. Kuacha, hata kwa kuchelewa, kumewarudishia nguvu wagonjwa wengi, na wengine maji yao ya tumboni yamepungua. Aliyezoea kunywa kila siku asiache peke yake kwa ghafla. Amweleze daktari, kwani kutetemeka na degedege vinaweza kufuata.

Dawa za mizizi na chupa za “kusafisha ini” ni hatari ya pili. Ini ndilo linalopaswa kuzichuja, na lililobaki ni kidogo. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofen na diclofenac, zinazonunuliwa bila cheti, zinaweza kuharibu figo na kusababisha kutokwa damu tumboni. Paracetamol inaruhusiwa kwa kiasi cha chini ambacho daktari atakitaja, mara nyingi kisichozidi gramu 2 kwa siku.

Kuna habari moja njema kwa nchi inayouza kahawa yake ng’ambo. Tafiti nyingi zimehusisha unywaji wa kahawa na makovu machache ya ini, na madaktari wa ini wa Ulaya wanawahimiza wagonjwa wao wainywe. Kikombe cha kahawa ya Ngozi au Kayanza, bila vijiko vinne vya sukari, hakihitaji kuombewa radhi.

Wakati wa kukimbia

Lishe haichukui nafasi ya daktari. Mgonjwa akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akipata homa huku tumbo likimuuma, akichanganyikiwa au akilala bila kuamshika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usimlazimishe kula mtu asiye na fahamu timamu, atapaliwa.

Na wale walio wazima nyumbani wapimwe. Virusi vya B vina chanjo, na kwa aliyekwisha ambukizwa vina dawa za kuvituliza. Vya C hutibika kwa vidonge, kwa kawaida ndani ya wiki 12. Kichocho kina dawa yake. Mke, mume na watoto wa mgonjwa wa B wasisubiri macho yawe ya manjano.

Hawaambukizwi kwa sahani. Virusi vya B na C hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, havipiti kwa kula pamoja. Kumtengea mgonjwa kijiko na kona yake mwenyewe humwondolea hamu ya kula, na hamu ndiyo iliyobaki kidogo. Avutiwe kiti mezani, maharage yapakuliwe, na kabla taa haijazimwa mtu amuulize kama amekunywa uji wake.